Mti mbele ya nyumba: namna mitaa ya Goma ilivyopoteza kivuli chake



Siku zilizopita, mama mmoja aliyekimbia vita huko Masisi, na ambaye sasa anakaa katika kartie Ndosho, aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu pale pale. Alikuwa amekula avoka, akaweka kokwa lake, akaliotesha ndani ya kopo la nyanya. Mche ulipofika kimo cha mkono akaenda kwa mwenye parsele na kumuomba ruhusa ya kuupanda kwenye kona, nyuma ya jiko. Mwenye parsele akakataa. Hakumfokea, alisema tu kwamba mti una mambo yake. Mama akanigeukia: "Mwanangu, mti una mambo gani? Huku Goma kupanda mti kulikatazwa tangu lini?"

Hakuna aliyekataza. Lakini ukitembea Mabanga, Majengo, Katoyi au Kasika saa sita mchana, ukitafuta kivuli cha kupumzikia, utadhani kweli kuna sheria. Utaona mabati, mbao nyeusi, kuta za mawe ya volkano, na vumbi. Kisha ukishuka upande wa ziwa, Himbi au kartie Les Volcans, unakuta miti mikubwa inayoinama juu ya barabara na maua yanayopita juu ya ukuta. Mji ni ule ule, mvua ni ile ile. Kwa nini upande huu kuna kivuli na upande ule hakuna?

Wengi husema: ni lava. Ndiyo, lava ni sababu moja. Lakini nikifuata historia ya mji huu naona sababu nyingine inayorudi kila mara: mti unapandwa na mtu anayeamini kwamba atakuwepo siku utakapozaa. Goma ni mji wa watu ambao mara nyingi walinyimwa imani hiyo.

Kabla ya mji kuwa mji

Goma imekaa mguuni pa Nyiragongo, mlima wa mita 3,470, kwenye ukingo wa kaskazini wa ziwa Kivu. Mvua inatosha na jua halichomi kama la bondeni. Mahali kama hapa miti ingepaswa kuota kwa wingi. Shida ni kwamba chini ya miguu yetu kuna lava iliyolala juu ya lava nyingine, na mahali pengi udongo ni mwembamba kama blanketi iliyochakaa. Ndugu zetu wanaotoka milima ya Masisi, ambako ukichomeka fimbo ardhini inachipua, wakifika hapa wanashangaa jembe linapogonga jiwe.

Hata hivyo wazee wa vijiji vya eneo hili hawakukaa bila kijani. Nyumba haikuzungushiwa ukuta, ilizungushiwa miti. Kulikuwa na muyenzi, ule mmea wa vijiti vyembamba wenye maziwa meupe. Kulikuwa na muvumu, mti wa kivuli kipana. Kulikuwa na muko, wenye miiba na maua mekundu. Majina yanabadilika ukitoka lugha moja kwenda nyingine, lakini kazi ilikuwa moja. Miti hii mitatu ina sifa inayofanana: ukikata tawi na kulichomeka ardhini, linashika. Hapakuwa na haja ya kununua mche. Ulimwomba jirani tawi, ukaenda nalo.

Miti hiyo ilifanya kazi nyingine isiyoonekana haraka, nayo ni ushahidi. Watu wawili wakigombania mpaka, wazee walikwenda kuuliza: muvumu huu ulipandwa na nani? Muyenzi huu unapita wapi? Upande wa pili wa mpaka, nchini Rwanda, mivumu mikubwa ilibaki ikionyesha mahali palipokuwa boma la mfalme wa zamani, hata nyumba zilipokwisha kuoza. Mti ulikuwa karatasi ya ardhi kabla karatasi haijafika. Shika jambo hilo akilini, maana ndilo jibu la nusu ya swali la mama yetu.

Miti ya upande wa ziwa

Mwanzoni mwa karne iliyopita Wajerumani walikuwa na kituo chao Gisenyi, na Wabelgiji wakaweka chao upande huu. Mwaka 1910 mataifa hayo yalikubaliana kuhusu mpaka, na Goma ikakua kidogo kidogo kama kituo cha ukingoni mwa ziwa. Tarehe 21 Aprili 1925 Wabelgiji wakaanzisha hifadhi ya Albert, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika, ile tunayoiita leo Virunga. Tangu hapo msitu ulio karibu nasi ukawa na mwenyewe, naye hakuwa mkaaji wa kijiji.

Mjini pia miti iligawanywa. Katika Kongo yote ya Wabelgiji miji ilijengwa kwa pande mbili: "ville" ya wazungu na "cité" ya Waafrika. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, iliachiwa eneo tupu la mita mia kadhaa katikati ya pande hizo mbili. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: mbu wa malaria asiweze kuruka kutoka kwa Mwafrika mpaka kwa mzungu. Léopoldville, yaani Kinshasa, sehemu ya eneo hilo la kutenganisha ilifanywa uwanja wa golfu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Kwa hiyo katika miji yetu kijani hakikuwekwa kwa ajili ya uzuri tu. Mahali pengine kilikuwa ukuta.

Goma ilikuwa ndogo sana kulinganisha na miji hiyo, lakini ilifuata wazo lile lile. Upande wa ziwa palikatwa parsele pana: nyumba katikati, majani mbele, miti ya maua kando ya njia. Watu wa kazi walibanana upande wa Birere. Hata jina lenyewe linasema: kwa jirani zetu wanaozungumza Kinyarwanda, "ibirere" ni majani makavu ya mgomba, yale yaliyotumika kuezeka nyumba za wanyonge. Upande mmoja jani lilikuwa pambo, upande mwingine lilikuwa paa.

Baada ya uhuru parsele hizo pana zilibadilisha wenyewe, lakini upana haukubadilika. Ndiyo maana kivuli cha leo kiko karibu pale pale kilipowekwa na Wabelgiji. Aliyerithi mita nyingi alirithi na miti.

Karatasi na tawi

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ya nchi ni mali ya serikali, na raia anapewa haki ya kuitumia kwa hati. Kwa maneno mengine, tangu siku ile shahidi wa parsele anapaswa kuwa karatasi, si mti tena.

Lakini karatasi inahitaji pesa, ofisi, na kurudi mara nyingi. Watu wengi wa mitaa yetu hawakuipata. Walibaki na kijikaratasi cha kununulia na maneno ya majirani. Kwao mti haukupoteza nguvu zake za zamani. Mtu aliyepanda mti, na watu wakamwona akiumwagilia miaka mitano, anaweza kesho kusimama mbele ya shefu wa avenyu na kusema: "Hapa ni kwangu, ulizeni ule mti." Mwenye parsele anajua hivyo. Baba yake alijua hivyo. Vijijini pia, wenye mashamba makubwa humruhusu mlimaji kupanda maharagi na viazi, na kumkataza kupanda mti au mgomba. Mmea wa miezi mitatu haudai kitu. Mmea wa miaka ishirini unadai.

Kwa hiyo, mama yangu, "mambo" ambayo mwenye parsele alikuwa akiyafikiria ndiyo hayo. Hakuogopa avoka. Aliogopa ushahidi wa avoka.

Mji unabanana

Mwaka 1988 Kivu iligawanywa mara tatu, na Goma ikawa makao makuu ya Nord-Kivu. Watu wa biashara, wa ofisi na wa masomo wakaja. Kisha, tangu mwaka 1993, vita vya Masisi vikawaleta wengine ambao hawakuja kwa kupenda. Parsele ikakatwa mara mbili, halafu mara nne. Kila ilipokatwa, mti ndio uliotangulia kuondoka, kwa sababu mti haulipi kodi na chumba cha mbao kinalipa.

Hapa kuna jambo la kuchekesha lenye uchungu ndani yake. Nyumba nyingi za mitaa hii zimejengwa kwa mbao, kwa sababu mbao ni nyepesi na kuchimba msingi ndani ya lava ni kazi ya gharama. Mbao hizo ni mikaratusi ya milimani. Chukudu inayotubebea makala na viazi ni mti pia. Makala yenyewe ni mti. Basi tunalala ndani ya miti, tunasukuma miti, tunapikia miti, na mtaani hakuna mti hata mmoja uliosimama.

Mwezi Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache. Wazee wetu wanakumbuka kipindupindu na maiti zilizolazwa kando ya barabara. Kambi zilijaa Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo. Kila jamaa ilihitaji kupika, na hakuna aliyekuja na kuni. Kwa miaka miwili, hadi kambi zilipovunjwa mwaka 1996, mamia ya tani za kuni zilitoka porini kila siku, na zaidi ya kilomita za mraba mia moja za hifadhi ziliguswa na mapanga. Mwaka huo huo wa 1994 UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Ninasema hivi bila kumlaumu mama aliyebeba kuni. Mtu mwenye mtoto mgonjwa na sufuria tupu hakati mti kwa chuki. Nasema ili tuone kwamba msitu ulilipa deni la watu wasiopewa mahali pa kukaa. Na mtaa nao ulilipa: miti ya viwanja na kando ya njia ilikatwa pia.

Alhamisi ya lava

Tarehe 17 Januari 2002 ilikuwa siku ya Alhamisi. Walio na umri wa kukumbuka hawahitaji kuambiwa. Mlima ulipasuka ubavuni upande wa kusini, lava ikapita uwanja wa ndege, ikaingia katikati ya mji, ikashuka hadi ziwani. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaanguka. Watu zaidi ya laki moja walikosa nyumba, na wengi zaidi walikimbilia Gisenyi na Sake. Haikuwa mara ya kwanza: tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika kwa muda usiofika saa moja na kuua watu katika vijiji vya mteremko. Lakini mwaka 2002 lava ilitembea ndani ya mji wenyewe.

Siku chache baadaye watu walikuwa wamekwisha kurudi, wakitembea juu ya jiwe ambalo bado lilikuwa na joto. Walitafuta parsele zao. Lakini mtu angezitambua kwa nini? Ua ulikuwa umezikwa. Ukuta ulikuwa umezikwa. Mavoka na mapera ya nyuma ya nyumba yalikuwa yamezikwa. Ule ushahidi wa zamani wa mti ulikuwa umelala chini ya mita kadhaa za jiwe jeusi.

Kilichofuata ndicho kipande cha historia hii ninachokipenda kuliko vyote. Jiwe jipya halikukaa tupu. Kwanza lilishikwa na kitu cha rangi ya kijivu, kama ukungu mkavu: ndio kuvu-mwani ambao huja kabla ya mimea yote. Kisha kwenye nyufa, pale vumbi na maji vilipokusanyika, zikatokea jamii za mimea kama fani, zile zenye majani ya kuchana. Yote hayo bila mkono wa mtu.

Halafu watu wakaingia. Walivunja lava kwa nyundo na mtaimbo. Mawe makubwa yakawa msingi na ukuta, madogo yakatandazwa uani. Mahali lilipotoka jiwe palibaki shimo, na wenye akili hawakulifukia kwa mawe. Waliagiza udongo, gunia baada ya gunia, juu ya chukudu. Wakachanganya na majivu kidogo, maganda ya viazi, mavi ya mbuzi. Ndani ya shimo hilo wakaweka mgomba, mpapai, au tawi la mti waliloomba kwa jirani ambaye lava haikumfikia. Leo ukiona mti mkubwa katika mtaa uliopitiwa na lava ya 2002, ujue chini yake kuna magunia ya udongo yaliyobebwa na mtu. Ule mti ulijengwa kama nyumba inavyojengwa.

Watu hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa na kitu kimoja: walijua kwamba parsele ile, hata ikiwa jiwe tupu, bado ni yao. Uhakika huo ndio ulioleta udongo.

Kijani na woga

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 mlima ulirudi. Safari hii lava ilisimama pembeni ya mji, upande wa Buhene, baada ya kula maelfu ya nyumba katika eneo la Nyiragongo. Siku tano baadaye tulipewa amri ya kuhama kartie kumi kati ya kumi na nane za mji. Wengi tulikwenda Sake kwa miguu. Tuliporudi, jambo moja nililiona katika avenyu yetu: hakuna aliyepanda kitu mwaka ule. Hata mama zangu wa lenga-lenga waliacha vitalu vyao vikauke. Mtu aliyekimbia mara moja anaanza kuhesabu siku, na mti hauhesabiwi kwa siku.

Tangu mwaka 2022 vita vya Rutshuru, Nyiragongo na Masisi vilijaza tena pembe za mji: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Shitingi juu ya lava, hema mgongoni mwa hema. Akina mama walioingia porini kutafuta kuni walirudi na majeraha ambayo sote tunayajua na wengi hawayataji. Mwishoni mwa Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23, na mwezi wa Februari kambi zikavunjwa. Wengine walirudi kwao na kukuta nyumba zimeanguka. Wengine wako mitaani kwetu hadi leo, ndani ya chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya mtu. Mama wa kopo la nyanya ni mmoja wao.

Nataka niseme jambo moja kuhusu wageni wetu hawa. Watu wa mji wanawaona kama midomo ya kulishwa. Lakini wengi wao ni wakulima. Wanajua namna ya kuotesha, kupogoa na kuchanganya mbolea ya takataka kuliko sisi tuliozaliwa juu ya jiwe. Mtaa unaotaka kijani umeletewa walimu, na umewakalisha bila kazi.

Tufanye nini leo, katika mita chache tulizo nazo?

Mara nyingi tumejaribu njia ya sherehe. Ninakumbuka shirika moja lililokuja avenyu yetu siku ya salongo. Miche ikagawiwa, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa. Hakuna aliyeuliza nani atamwagilia maji mwezi wa Julai, wakati bidoni moja ya maji ni safari ya hadi ziwani. Mbuzi walikula nusu, kiangazi kikamaliza nusu. Mti uliopandwa na wote ulikuwa wa hakuna mtu.

Historia inatufundisha tuanze na maneno kabla ya jembe. Kama woga wa mwenye parsele ni ushahidi, basi tuondoe woga huo kwa mapatano. Siku ya kuandika karatasi ya kupanga, pale mnapoandika garanti na tarehe ya kulipa, ongezeni mistari miwili: mti huu umepandwa na fulani kwa ruhusa ya mwenye parsele, parsele inabaki yake, matunda yatagawanywa hivi, mpangaji akiondoka, mti unabaki au anapewa kitu. Shefu wa avenyu aweke sahihi. Ni karatasi isiyo na gharama, nayo inamlinda mwenye ardhi na mwenye mkono pia.

Jambo la pili ni kuchagua mmea kufuatana na muda ambao mtu anaweza kukaa. Anayehesabu wiki apande lenga-lenga: baada ya wiki nne hivi anachuma. Anayehesabu mwaka apande marakuja kwenye ua. Inapanda juu ya mbao, haichukui nafasi ya mtu kulala, inaleta kivuli na matunda. Anayehesabu miaka miwili apande prune, ile nyanya ya mti. Avoka la kokwa linataka miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa, na mizizi yake inataka nafasi. Liwe mbali na ukuta na tangi la maji, mita tano hivi. Mikaratusi tuiache mlimani: ni mirefu, inakunywa sana, na upepo wa mvua ukiuangusha mmoja juu ya mabati, hakuna atakayetusikiliza tena tukizungumza juu ya miti.

Kwenye jiwe, shimo la sentimita sitini kila upande linatosha kuanzia. Lijazwe udongo na takataka za jikoni zilizooza. Maji ya kunawia na ya kuosha mboga yasimwagwe njiani, mti hauyakatai.

Na tahadhari mbili kwa wazazi. Ya kwanza: maziwa ya muyenzi yanaharibu jicho la mtoto, basi ua huo usiwe mahali wanapochezea. Ya pili ni kwa walioko upande wa magharibi, Himbi hadi Lac Vert, Mugunga na Bulengo: si kila bonde lenye majani mabichi ni mahali pa kupumzika. Mazuku, ile hewa inayotoka ardhini na kuua, hukaa chini mabondeni, hasa alfajiri na jioni pasipo na upepo. Mahali wanapokufa ndege au mbuzi pasipo sababu, msipeleke mtoto kutafuta kivuli.

Mwisho, kuna ardhi ambayo si ya mtu mmoja: uwanja wa shule, wa kanisa, wa msikiti, wa kituo cha afya. Huko hakuna woga wa ushahidi. Kila darasa likipewa mti mmoja na jina la darasa liandikwe kwenye kibao, mbuzi atafukuzwa. Mtoto hukumbuka mti wake kuliko hotuba.

Jibu kwa mama

Nilirudi Ndosho wiki iliyofuata. Tulikaa watatu, mama, mwenye parsele na mimi, juu ya mawe mbele ya jiko. Nikawaeleza habari hii kwa kifupi: muyenzi wa wazee, karatasi ya 1973, lava ya 2002. Mwenye parsele akacheka kidogo. Akasema mwaka ule wa lava yeye mwenyewe alibeba udongo kutoka upande wa Keshero kwa ajili ya mgomba mmoja, na majirani wakamwita kichaa. Mgomba huo bado uko. Alituonyesha.

Hawakupatana juu ya avoka. Walipatana juu ya marakuja, iwekwe kwenye ua wa upande wa barabara, matunda nusu kwa nusu. Kuhusu ule mche, mama aliuhamisha kutoka kopo la nyanya na kuuweka ndani ya bidoni ya manjano iliyokatwa juu. "Utakaa humo," akasema. "Barabara ikifunguka, nitapanda nao gari. Kule hakuna wa kuuomba ruhusa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo Ndosho kwa sasa: mti mmoja umepata ua, mwingine unangoja njia.

Wapendwa, nyumbani kwenu mlikotoka palikuwa na mti gani mbele ya mlango, na nani aliupanda? Tutumieni sauti au ujumbe mfupi, nasi tutawasomea wengine. Wale ambao miti yao bado imesimama, mtuambie. Na wale waliokatiwa, mtuambie pia, ili ushahidi usipotee.

Mungu awalinde, na tuonane wiki ijayo.